Kona ya Kichuguu

Ukitoka mjini kwa njia ya Kipushi siku hizi, utaona ukuta mrefu wa matofali ya saruji, na nyuma yake malori yamejipanga kama ng'ombe zizini. Mwezi uliopita nilikuja kutoka Likasi kumwona Mama, tukapita pale tukienda kwenye ubatizo. Mama alikuwa akitazama nje tangu tulipotoka nyumbani kwake Kampemba. Tulipofika kwenye ukuta ule aligonga kioo cha gari kwa kidole, akasema, "Njo hapa," yaani ndipo hapa. Sikumuuliza hapa pana nini. Nilijua.

Kama ulikulia Lubumbashi miaka ile, labda na wewe unajua. Kama hukukulia huku, kaa kidogo nikueleze. Kabla ya ukuta palikuwa na uwanja mpana wa udongo mwekundu. Matingatinga yaliusawazisha kwa kazi fulani iliyokufa kabla ya kuanza, ukabaki hivyo, mali ya kila mtu na ya hakuna mtu. Sisi tuliuita pisti. Upande mmoja ulikwenda moja kwa moja, umenyooka kama rula. Mwishoni kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba yetu, na magari yalipaswa kukizunguka kwa kona kali kabla ya kurudi yalikotoka. Hakukuwa na jukwaa wala uzio. Tulikaa kwenye majani makavu, juu ya makasha ya bia, wengine juu ya baiskeli zao walizozilaza chini. Matairi mabovu yalipangwa kutuonyesha mwisho wa kukaribia, na kila wiki watu waliyasogeza ndani kidogo ili waone vizuri zaidi.

Ilikuwa Jumapili za kiangazi, miezi yetu ya ukavu na baridi, baada ya misa na baada ya bukari, ugali wetu wa mchana. Tulitembea familia nzima, kila mmoja na kitambaa cha kuziba pua. Nkambo, bibi yangu mzaa baba, alitangulia na ndoo yake ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, kikiwa kimefunikwa kwa sahani. Ukikaribia, kwanza ulisikia moshi wa michopo, nyama ya mbuzi ikichomwa na chumvi na pilipili, halafu petroli, halafu vumbi lenyewe, ambalo lina harufu yake kama mvua iliyokauka. Baada ya hapo ndipo uliposikia injini.

Na magari yenyewe, ungeyacheka. Yalikuwa teksi zilizochoka, zimetolewa vioo na viti vya nyuma kwa siku hiyo, milango imefungwa kwa waya isifunguke, mabati yamepakwa rangi iliyobaki baada ya mtu kupaka jikoni kwake. Dereva aliingia kupitia dirishani, kichwa mbele, miguu ikibaki nje kwa muda mbele ya watu wote. Gari lililoshindana Jumapili lilikuwa limebeba makaa Alhamisi, na Jumatatu lingepeleka maharusi kwa mpiga picha. Ndiyo maana tulilipenda. Aliyekuwa akipita mbele yako katika vumbi alikuwa muuza nyama wa mtaa wako, au yule wa duka la dawa ambaye alimtibu mdogo wako kikohozi. Uliijua injini yake kwa namna ilivyokohoa asubuhi. Mshindi alipewa kasha la soda, nalo liliisha palepale, kwa sababu kila mtu aliyepiga kelele alijiona ana haki ya chupa.

Mwalimu wangu wa darasa la tano ndiye aliyeanzisha mbio. Alikuwa na kipande cha kitenge alichokifunga kwenye mpini wa ufagio, na kabla ya kukishusha alisoma sheria zote kwa sauti ileile aliyotusomea imla, akisimama mahali pa nukta.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni. Baba yake alikuja kutoka kaskazini ya Katanga kufanya kazi ya reli, na Baba alizaliwa akisikia magurudumu ya chuma. Lakini katika miaka ninayoikumbuka, treni zilikuwa zimekuwa chache. Alivaa kofia yake asubuhi, akaenda stesheni, akarudi kabla ya chakula cha mchana, akaitundika. Mama aliipangusa kofia ile vumbi kana kwamba imetoka safari ya mbali.

Nyuma ya uzio wetu alikaa fundi wa magari, mtu mwenye sauti ya juu na mikono iliyokolea grisi hadi kwenye viwiko. Katika lupango lake, yaani ua wa nyumba yake, chini ya mparachichi, palikuwa na bodi la gari lisilo na injini. Siku moja alimwambia Baba, akiwa ameegemea uzio, "Weye uliendesha kintu kikubwa kama kanisa. Hii kadogo itakushinda?"

Baba alisema haijamshinda, bali hajajaribu. Akavuka uzio kwenda kulitazama, na nadhani hakurudi kabisa tena mwaka ule. Nikiosha vyombo jioni nilisikia nyundo, kisha kimya, kisha wote wawili wakicheka. Walipolitia gari injini na kulipaka rangi ya kijani ya mlango wetu wa mbele, Mama aligundua kwamba kofia haijaondoka ukutani kwa wiki kadhaa, na kwamba Baba anakula vizuri.

Hata hivyo Mama hakutaka kuona mbio. Alikuwa katika kikundi cha akina mama wa parokia, na Jumapili mchana alikwenda kukaa na wagonjwa. Alitusimamisha mlangoni, akatufunga vitambaa, akasema kila mara maneno yaleyale: "Mukirudi, munirudishie baba yenu muzima."

Katika ile sehemu iliyonyooka hakuna aliyemweza Baba. Aliketi wima, mabega yametulia, kama mtu anayeangalia dirishani kwake, na gari la kijani likawapita wengine bila kelele nyingi. Halafu kikaja kichuguu. Wengine walikata kona, wakipiga udongo pembeni, lakini Baba alikwenda moja kwa moja hadi kwenye majani, akapotelea huko, kisha akaibuka upande mwingine wa uwanja akiwa wa mwisho, magugu yamening'inia kwenye bampa.

Watu walivunjika mbavu. "Mashinisti, toka ku reli!" walipiga kelele. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote, walisema, hajui usukani ni wa nini. Wateja wa Nkambo waliacha vikombe vyao nusu ili wakasimame karibu na kichuguu, wasikose. Baba alichomoka dirishani, akajipangusa vumbi, akacheka kuliko wote. "Reli inanikamata," alisema. "Hainiachi." Utani ule ulikuwa wake kama ulivyokuwa wetu. Ulikuwa kama kofia nyingine, na hii watu waliiona.

Kiangazi cha pili alifanya bidii. Asubuhi ya Jumamosi alikwenda na fundi kuzoea kona ile, polepole, tena na tena. Fundi alirudi akikuna kichwa. Wiki moja aligonga matairi. Wiki nyingine akakwaruza kichuguu chenyewe, udongo ukamwagika juu ya boneti. Kisha ikaja Jumapili ambayo hakwenda kwenye majani ya kawaida, bali alichelewa sana kupinda, akaelekea upande ambao si wake, na gari la kijani likaingia mahali ambapo watu walikuwa wamekaa. Waliruka. Mama mmoja alimnyakua mtoto kwa mkono, kasha la bia likapasuka chini ya gurudumu. Hakuna aliyeumia. Lakini kelele ziliisha, na katika kimya kile nilimwona mwalimu akikunja kitenge chake kwenye mpini, akisema mbio za leo zimefika mwisho.

Tuliporudi, Mama alikuwa amekwisha kupata habari. Aliweka bukari katikati ya meza, sombe ya majani ya muhogo upande wa kushoto wa Baba, samaki mbele yake. Baba alimega tonge, akapeleka mkono kuchovya sombe, mkono ukagusa meza. Akaupeleka tena, ukagusa ukingo wa bakuli. Mama alikuwa anamtazama. Aliinua bakuli lile bila sauti, akaliweka mbali zaidi kidogo pembeni, akangoja. Mkono wa Baba ulirudi mahali bakuli lilipokuwa, ukapapasa.

"Baba ya batoto," alisema Mama. "Angalia mbele yako, usizungushe kichwa. Mutoto yetu iko wapi?"

Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, karibu kiasi cha kumgusa.

Baba alitazama mbele yake. "Ku jikoni?" akasema.

"Iko pembeni yako."

Hapo aligeuza kichwa chote, akaniona. Uso wake sijausahau. Haukuwa wa mtu aliyekamatwa akificha jambo. Ulikuwa wa mtu ambaye amesikia sauti gizani na sasa amewasha taa.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Sijue. Nilizania ni miye tu," alisema. "Nilizania ni reli."

Daktari wa macho alisema ni presha ndani ya jicho, ugonjwa unaokula pembeni taratibu na kuacha katikati. Baba alikuwa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba: njia iliyonyooka ilikuwa wazi, nyeupe, nzuri, na kila kilichokuwa kando kilikuwa kimekwisha kwenda bila kuaga. Kilichokwenda hakirudi. Matone yangeweza kulinda kilichobaki, kwa muda. Kumbe kona ile haikumshinda kwa sababu ya treni. Hakuwahi kuiona. Na kwa kuwa sote tulikuwa na maelezo ya kuchekesha, yeye wa kwanza, hakuna aliyetafuta mengine.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Gari la kijani lilibaki chini ya mparachichi, kuku wakalala kwenye kiti cha dereva. Fundi alikuja jioni, akaketi, akaondoka. Jumapili madereva wengine walipita barabarani kwetu wakielekea pisti, na kila mmoja alipiga honi mbele ya lango letu kwa heshima. Baba aliinuka kwenye kiti chake uani, akaingia ndani, akafunga mlango hadi walipokwisha kupita. Aliwasha redio lakini hakuisikiliza. Ilizungumza peke yake. Nkambo aliacha kwenda kuuza munkoyo. Alisema baridi imezidi, na kweli ilikuwa baridi, ile ya mwezi wa sita inayotoa moshi mdomoni, lakini miaka mingine haikumzuia.

Asubuhi moja nilitoka kuchota maji, nikamkuta Mama upande wa pili wa uzio. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya kitenge, anawafukuza kuku kutoka ndani ya gari. Fundi alisimama kando na spana mkononi, hajui acheke au asaidie.

"Nionyeshe pa kuweka mguu," Mama alimwambia.

"Mama, hii si kintu ya—"

"Nionyeshe."

Nilimuuliza baadaye kwa nini, mimi nikiwa mtu mzima tayari. Alisema hakuwa na mpango wowote. Alikuwa amechoka kusikia redio.

Injini iliwaka, na yaliyofuata mtaa mzima uliyasikia. Gari lilipiga yowe, likaruka kama mbuzi, likazimika. Likawashwa tena. Mama hakujua wakati wa kubadilisha gia, akaliacha lilie kwenye ya kwanza kuzunguka mparachichi, kuku wakitawanyika. Asubuhi iliyofuata tena. Na ya tatu. Baba alikaa kwenye kiti chake, mikono imebana magoti, na kila gari lilipolia alikunja uso kama mtu anayeng'olewa jino. Mwishowe aliinuka. Alishika ukuta kwa kiganja, akaufuata hadi kwenye uzio, akauvuka.

"Muko munaiumiza," alisema. "Ile motokari muko munaiumiza."

"Basi ingia, useme weye," Mama alimjibu kutoka ndani.

Baba aliingia kupitia dirisha la abiria, kichwa mbele kama zamani, na fundi akamsukuma miguu. Niliwaona wameketi bega kwa bega. Baba alifumba macho kabisa. Nadhani yalikuwa yanamsumbua kwa kumwonyesha nusu.

"Finya," alisema. "Achia pole. Sikiliza iko inasema nini. Bado. Bado. Sasa."

Gia iliingia bila kelele. Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilimwona Baba anatabasamu, macho yamefumba hivyohivyo.

Huwezi kufanya jambo kama hilo Kampemba na watu wasiseme. Akina mama wawili wa parokia walikuja kuketi kwetu. Walizungumza kwanza juu ya wagonjwa, juu ya bei za unga, kisha mmoja akasema kwa upole kwamba mwanamke mwenye watoto, anayesoma somo kanisani, haingii kupitia dirishani mbele ya wanaume. Kisha akamgeukia Nkambo, akitumaini kwamba mama mkwe angemaliza kazi. Nkambo alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua kichwa.

"Mutoto wangu iko anacheka tena," alisema. "Mumuache muke yake."

Wakanywa munkoyo, wakaenda zao.

Jumapili Baba na Mama waliyorudi pisti, mwalimu alisoma sheria zote, akatafuta ile inayokataza watu wawili ndani ya gari moja, hakuipata. Mama alikuwa amefunga kitenge kwa nguvu na kitambaa cheupe kichwani, ambacho kilikuwa chekundu kabla ya mzunguko wa kwanza kuisha. Katika ile njia iliyonyooka wote walimpita, hata muuza nyama, ambaye hakuwahi kumpita mtu. Baba aliketi pembeni, mkono mmoja juu ya dashibodi, anasikia injini kwa vidole. Watu walikuwa wamesimama kwenye kichuguu kama zamani, kwa mazoea. Nilisimama nao. Nilimshika Nkambo mkono.

Gari la kijani lilikuja. Lilipunguza mwendo, likasita kidogo, na kisha taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani asimwamshe mwenzake, likazunguka kichuguu chote na kutoka upande wa pili.

Sijasikia tena sauti kama ile uwanjani. Watu walitupa kofia. Mwalimu, aliyepaswa kuwa kwenye mstari wa kumalizia, alikuwa anakimbia na mpini wake wa ufagio kando ya pisti.

Yaliyosemwa ndani ya gari Mama alinisimulia siku moja tukichambua sombe, bila kuinua macho.

Baba aliuliza, "Tumepinda?"

"Tumepinda."

"Yote?"

"Yote."

Halafu akamwambia abadilishe gia, amechelewa.

Walikuwa wa mwisho siku ile, na kasha la soda lilikwenda kwa mtu mwingine ambaye simkumbuki. Walirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, kiangazi baada ya kiangazi. Mama akawa dereva mzuri, si wa haraka. Baba akawa masikio ya pisti nzima: madereva wengine walimletea magari yao kabla ya mbio, wakayaungurumisha mbele yake, naye akasema kwa macho yaliyofumba wapi panavuja, wapi pamelegea. Uoni wake ulizidi kupungua, na sitakudanganya kwamba hakuhuzunika. Kulikuwa na siku alikataa kula. Lakini Jumapili alioga mapema.

Kisha uwanja ukapata mwenyewe. Walikuja watu na kamba na vigingi, halafu matofali. Kiangazi kimoja madereva walihamia mahali pengine mbali zaidi, barabara ya mawe, watu wachache wakafuata. Kiangazi kilichofuata hakuna aliyepanga lolote. Fundi alipata kazi kwenye karakana ya mgodi huko Kinsevere, akawa anarudi mara moja kwa mwezi akiwa na viatu vizito na habari chache. Kichuguu walikichimba, wakafyatua matofali kwa udongo wake, kwa kuwa ni udongo mzuri. Gari la kijani liliuzwa vipandevipande na sikumbuki siku kipande cha mwisho kilipoondoka, jambo linalonishangaza, kwa sababu nakumbuka vitu vingi visivyo na maana.

Leo mji umejaa magari makubwa, mazuri kuliko yote tuliyoyajua, na vioo vyake ni vyeusi. Yanapita kwa kasi ambayo hakuna mtu wa pisti angeiota. Nikisimama kando ya barabara nasubiri kuvuka, najikuta natazama ndani kutafuta uso, kama tulivyozoea, na naona wangu tu.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, wakati wa mvua, wakati uyoga unauzwa kwenye kila njia panda. Tulikuwa tumekodi gari la kubeba jeneza na basi moja la ndugu. Lakini misa ilipokwisha, nje ya kanisa tuliwakuta wale wa pisti. Muuza nyama alikuja na pikapu ya mwanawe. Mtu wa duka la dawa alikuja na gari la kuazima. Fundi aliomba ruhusa kazini. Mwalimu, mzee sana sasa, aliketi mbele katika teksi iliyobonyea mlango. Hakuna aliyewaita na hakuna aliyetoa maelekezo. Wale waliokuwa wakila vumbi la mwenzao kila Jumapili walijipanga mmoja nyuma ya mwingine, wakawasha taa mchana ule wa mvua, wakaenda polepole, na kutoka kanisani hadi makaburini hakuna aliyempita mwenzake. Tangu siku ile sijawaona tena wote mahali pamoja.